Kuiga Kalsiamu ya Moyo kwenye Kompyuta: Mwongozo kwa Anayeanza

Mwongozo huu ni wako uliyesoma biolojia ukazikwepa hesabu, au uliyesoma hesabu na fizikia ukatamani kuzitumia kwenye kitu chenye uhai. Ukiufuata utaweza kuendesha seli moja ya msuli wa moyo kwenye kompyuta yako ya mkononi na kuiona kalsiamu ikipanda na kushuka kwa kila pigo. Lililo kubwa zaidi ni kwamba utajua kama mchoro ulio mbele yako unastahili kuaminiwa. Huhitaji maabara. Unahitaji kompyuta ya kawaida, lugha ya Python, na moyo wa kukagua hesabu hata pale matokeo yanapopendeza.

Jambo moja litajirudia hadi mwisho: ndani ya seli kalsiamu haizaliwi wala haipotei. Kila ioni iliyoingia ama imetoka, ama iko huru, ama imeshikwa na protini, ama imo ghalani. Modeli ikishindwa kuieleza ioni hiyo, hata kama mchoro wake ni mzuri kiasi gani, ni batili.

Kwanza, kwa nini kalsiamu?

Mwaka 1883, mjini London, Sydney Ringer alieleza kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini uliendelea kupiga ndani ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, lakini ulidhoofika maji yaliyokenekwa yalipotumika. Kilichokosekana kilikuwa kalsiamu.

Leo mnyororo wa matukio unajulikana vizuri. Wimbi la umeme linapita kwenye utando wa seli. Milango ya kalsiamu ya aina ya L inafunguka na kuruhusu kiasi kidogo kuingia. Kiasi hicho kinamwagika kwenye mwanya mwembamba wa nanomita 15 hivi, na ng'ambo ya mwanya huo lipo ghala la ndani la seli, yaani retikulamu ya sakoplazimu. Milango ya ghala, iitwayo RyR2, inahisi kalsiamu hiyo na kufunguka, na kalsiamu nyingi zaidi inatoka. Inashikana na protini ya troponini, na msuli unasinyaa. Kisha pampu ya SERCA inairudisha ghalani, na kibadilishaji cha NCX kinatoa ioni moja ya kalsiamu nje ya seli kwa kuingiza tatu za sodiamu.

Seli ikiwa imepumzika, kalsiamu huru ndani yake ni takriban mikromoli 0.1 kwa lita. Pigo likifikia kilele, inakaribia 1. Nje ya seli, modeli nyingi huweka milimoli 1.8, yaani mara 18,000 ya ile ya ndani. Seli huishi kwa kuilinda tofauti hiyo.

Na kwa nini kompyuta?

Kwa sababu kuna mzunguko: kalsiamu inafungua mlango unaoachia kalsiamu zaidi. Mzunguko wa namna hii hauwezi kufuatwa kwa kuwaza tu. Tena, rangi zing'aazo zinazotumika maabara kupima kalsiamu zenyewe huishika, kwa hiyo hubadilisha kidogo kile zinachopima.

Denis Noble alichapisha modeli ya kwanza ya umeme wa seli ya moyo mwaka 1960. Haikuwa na mkondo wa kalsiamu. Beeler na Reuter waliuingiza mwaka 1977 katika modeli ya seli ya chumba cha chini cha moyo. Baadaye zikaja ya Luo na Rudy ya 1994, ya sungura ya Shannon, Bers na wenzao ya 2004, na ya binadamu ya O'Hara na Rudy ya 2011. Modeli za jamaa hii zimetoka vyuoni: tangu 2013 mpango uitwao CiPA, ambao Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inashiriki, umekuwa ukizitumia kusaidia kupima kama dawa mpya inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

> KABLA YA KUANZA
> ☐ Python pamoja na maktaba za NumPy, SciPy na Matplotlib
> ☐ Myokit au OpenCOR: programu zote mbili ni za bure na zinasoma modeli zilizoandikwa kwa lugha ya CellML
> ☐ Faili ya modeli kutoka hazina ya Physiome, inayotunzwa Auckland, New Zealand
> ☐ Makala asilia ya modeli hiyo, pamoja na viambatisho vyake
> Pakua vyote siku utakayopata intaneti nzuri. Baada ya hapo kazi yote inaweza kufanyika bila mtandao.

Sehemu ya kwanza: endesha modeli ya wengine

Usianze kwa kuandika modeli yako mwenyewe. Huwezi kujua kama umekosea ikiwa hujawahi kuona iliyo sahihi. Ninapendekeza ya sungura ya 2004, kwa sababu imeeleza kwa makini mwanya, ghala na protini zinazoshika kalsiamu, na pia inaacha sodiamu ya ndani ibadilike. Utaihitaji sodiamu hiyo mwishoni.

1. Fungua faili na usome orodha ya vigezo. Andika pembeni kipimo cha kila kimoja. Katika modeli nyingi kalsiamu huandikwa kwa milimoli, hivyo 0.1 yetu itaonekana kama 0.0001.
2. Weka kichocheo kimoja kwa sekunde, kisha endesha mapigo machache.
3. Chora vitu vitatu kwa pamoja: umeme wa utando, kalsiamu huru ya sitoplazimu (majimaji ya seli yaliyo nje ya ghala), na kalsiamu ya ghala. Umeme unapaswa kuanzia karibu na milivolti −85, na kalsiamu ya ghala ishuke pale ile ya sitoplazimu inapopanda.
4. Linganisha na mchoro uliomo kwenye makala. Kama haufanani, simama hapo hapo. Sababu huwa ni kasi ya mapigo, halijoto, au hali ya kuanzia.
5. Endesha mapigo 500 au zaidi bila kubadilisha kitu, na uchore sodiamu ya ndani ya kila pigo. Utaona ikitambaa polepole kwa dakika kadhaa kabla ya kutulia. Matokeo yaliyochukuliwa kabla haijatulia hayafai kulinganishwa na chochote.

Sehemu ya pili: jenga modeli yako ndogo

Hapa ndipo utakapoelewa. Modeli ndogo ina vyumba viwili tu: sitoplazimu, ambayo kalsiamu yake huru tutaiita C, na ghala, ambayo yake tutaiita S. Tumia mikromoli na milisekunde kote.

Mlinganyo wa kwanza unasema C inabadilika kwa kasi gani:

dC/dt = β × (Jachia + Jvuja − Jpampu + Jingia − Jtoka)

Wa pili unaihusu S:

dS/dt = βs × 18.6 × (Jpampu − Jachia − Jvuja)

Kila J ni kiasi kinachohama kwa milisekunde, kikipimwa kwa ujazo wa sitoplazimu. Namba 18.6 imetoka kwenye modeli ya sungura: sitoplazimu imepewa asilimia 65 ya seli, na ghala asilimia 3.5 tu. Mikromoli moja ikihama kutoka chumba kikubwa kwenda kidogo, ukolezi wa kidogo unapanda kwa 18.6. Ukiusahau uwiano huu, kalsiamu itayeyuka njiani na programu haitakuambia.

Sasa tushughulikie β, maana hapo ndipo wengi hupotea. Sehemu kubwa ya kalsiamu inayoingia sitoplazimu hunaswa papo hapo na protini. Tuseme tuna troponini peke yake, mikromoli 70, inayoshika nusu ya uwezo wake C ikiwa 0.5. Basi:

β = 1 / (1 + 70 × 0.5 / (0.5 + C)²)

Weka C = 0.1 upate takriban 1/98. Maana yake, kati ya ioni 98 zinazoingia, moja tu inabaki huru. Weka C = 1 upate karibu 1/17. Kadiri protini zinavyojaa, ndivyo uwezo wake wa kunasa unavyopungua, na kwa hiyo β lazima ikokotolewe upya kila hatua. Anayeifanya namba isiyobadilika anapata kilele cha uongo.

Fanya hesabu hii kwa mkono kabla ya kuandika msimbo wowote. C ikiwa 0.1, kalsiamu yote ya sitoplazimu, huru na iliyoshikwa, ni 0.1 + 70 × 0.1/0.6, yaani 11.8. C ikiwa 1, ni 47.7. Kwa hiyo ili kalsiamu huru ipande kwa 0.9, lazima ziingie mikromoli 36. Zitoke wapi?

Angalia ghala. Tuseme S = 600, na ndani yake kuna protini ya kolsekwestrini yenye nafasi 2,600 zinazojaa nusu S ikiwa 650. Jumla ya ghala ni 600 + 2,600 × 600/1,250 = 1,848. Igawe kwa 18.6 uipime kwa macho ya sitoplazimu: ni takriban 99. Basi ghala likitoa zaidi kidogo ya theluthi ya ilichonacho, pigo limepatikana. Kwa upande mwingine, mkondo wa pikoampia 100 kupitia milango ya L ukidumu milisekunde 100 unaleta mikromoli 2.4 tu. Sasa umeona kwa namba zako mwenyewe kwa nini kalsiamu ya nje ni kichocheo, na ya ghala ndiyo inayofanya kazi.

Endelea hivi:

1. Andika βs kwa umbo lilelile la β, ukitumia 2,600 na 650. S ikiwa 600 utapata karibu 0.48.
2. Andika pampu: Jpampu = P × C² / (0.3² + C²), ambapo P ni nguvu yake ya juu kabisa. C ikiwa 0.1, pampu inafanya kazi kwa sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. C ikipanda inaamka haraka, na ndiyo sababu ya kipeo cha pili.
3. Andika Jvuja = v × (S − C), kisha uchague v ili ilingane kabisa na pampu C ikiwa 0.1 na S ikiwa 600. Bila hatua hii seli iliyopumzika haitapumzika.
4. Andika Jachia = r × O × (S − C). r ni kasi ya kuachia, na O ni sehemu ya milango iliyo wazi. Kwa sasa iwekee ratiba wewe mwenyewe: ifunguke haraka na ifungwe ndani ya milisekunde 30.
5. Jingia na Jtoka zipe sifuri kwanza. Usiwe na haraka nazo.
6. Endesha pigo moja. Rekebisha r hadi kilele kikaribie 1, kisha P hadi C irudi chini kabla ya sekunde kwisha.

Ukaguzi wa mizania

Kwa kuwa Jingia na Jtoka ni sifuri, hakuna kalsiamu iliyoingia wala kutoka kwenye seli. Kokotoa jumla hii kila hatua:

T = C + 70C/(0.5 + C) + (S + 2,600S/(650 + S)) / 18.6

Mwanzoni itakuwa takriban 111. Lazima ibaki hapo pigo zima, kama mwenye duka anavyotaka fedha na bidhaa zikubaliane na daftari jioni. Ikipanda au kushuka kwa kiasi kinachoonekana kwenye mchoro, kuna kosa: uwiano wa ujazo, alama ya kutoa au kujumlisha, au hatua ya muda iliyo kubwa mno. Usiendelee hadi ulipate. Mkaguzi wa nje anaweza kuvumilia modeli rahisi, lakini hakuna anayepaswa kuvumilia modeli inayotengeneza kalsiamu.

T ikitulia, fungua Jingia na Jtoka. Kuanzia hapo swali linabadilika: baada ya mapigo mengi, kiasi kilichoingia katika pigo moja kinalingana na kilichotoka? Kikizidi, ghala litajaa bila kikomo. Kikipungua, litakauka.

> ONYO: KUGEUZA MKONDO KUWA KALSIAMU
> Kila ioni ya kalsiamu ina chaji mbili. Mkondo wa milango ya L unagawanywa kwa 2FV, ambapo F ni 96,485 na V ni ujazo wa sitoplazimu.
> NCX ni tofauti. Inaingiza chaji tatu na kutoa mbili, hivyo mkondo wake unabeba chaji moja tu kwa kila kalsiamu, na kwa mwelekeo kinyume. Katika mlinganyo andika: −(IL − 2 × INCX) / (2FV), ambapo IL ni mkondo wa milango ya L na INCX ni wa NCX. Ukisahau hiyo 2 au alama yake, mizania haitafunga kamwe.

Makosa yanayojirudia

*Kuchanganya wanyama.* Katika seli ya panya buku, SERCA inaondoa karibu asilimia 92 ya kalsiamu ya kila pigo na NCX 7. Kwa sungura ni karibu 70 na 28. Ukichukua pampu ya panya na kibadilishaji cha sungura umeunda mnyama asiyekuwepo. Vivyo hivyo kwa vipimo vilivyochukuliwa kwenye joto la chumba na vile vya nyuzi 37.

*Kuamini mipangilio ya awali ya programu.* SciPy isipoambiwa huvumilia kosa la 0.000001 kwa namba yoyote. Kwa modeli inayotumia milimoli, hiyo ni asilimia moja ya kalsiamu ya seli iliyopumzika. Ipunguze wewe mwenyewe, na uchague mbinu ya BDF au LSODA, kwa maana milinganyo hii ina mambo ya haraka sana na ya polepole sana kwa pamoja.

*Kichocheo kurukwa.* Mbinu hizi hurefusha hatua seli inapopumzika, na zinaweza kukiruka kichocheo cha milisekunde moja bila kukiona. Weka kikomo cha hatua, au gawa kazi pigo kwa pigo.

*Sifuri kwa sifuri.* Fomula ya mkondo ya Goldman, Hodgkin na Katz inagawanya sifuri kwa sifuri umeme wa utando unapopita milivolti 0. Andika njia ya pembeni kwa eneo hilo dogo.

*Kurekebisha vigezo vingi kwa pamoja hadi mchoro ufanane.* Seti nyingi tofauti za vigezo hutoa mchoro uleule. Tafuta jaribio la pili ambalo hukulitumia kurekebishia. Jaribio zuri ni la kafeini: maabara, kafeini nyingi hufungua milango ya ghala na kulimwaga lote. Kwenye modeli, iache O wazi, kisha uangalie kalsiamu inavyoondoka. Ghala likiwa haliwezi kuishika, NCX ndiyo itakayobeba mzigo, na kushuka kunapaswa kuwa polepole kuliko kwa pigo la kawaida.

Mpaka wa modeli yako

Utatamani kuondoa ratiba ya O na kuiacha milango ijifungue kwa kuhisi C. Jaribu, ili uone inavyovunjika. Mlango mmoja ukifunguka kidogo, C inapanda, milango yote inafunguka, na ghala linamwagika lote. Hakuna pigo dogo wala la kati. Seli halisi haifanyi hivyo: kichocheo kidogo kinatoa kalsiamu kidogo, kikubwa kinatoa nyingi.

Michael Stern alilieleza tatizo hili mwaka 1992: modeli yenye bwawa moja la kalsiamu haiwezi kukuza kichocheo kwa nguvu na wakati huohuo kukitii. Jibu lake lilikuwa udhibiti wa mahali kwa mahali, ambapo kila kundi la milango linasikiliza mwanya wake tu. Mwaka uliofuata Cheng, Lederer na Cannell walionyesha kwa hadubini cheche za kalsiamu, kila moja ikiwaka peke yake.

Mwanya mmoja wenye kipenyo cha nanomita 200 na kina cha 15 una ujazo mdogo kiasi kwamba, kwa ukolezi wa 0.1, wastani wa ioni zilizo huru ndani yake ni takriban 0.03. Mara nyingi hamna hata moja! Hapo hesabu za ukolezi laini zinaishiwa nguvu na bahati nasibu inachukua nafasi. Kwa hiyo amua kwa swali lako: kama unauliza kuhusu mizania ya seli nzima, vyumba vichache vinatosha. Kama unauliza kuhusu cheche, au kuhusu ugonjwa wa kurithi ambapo RyR2 huvuja na kuvuruga mapigo wakati wa mazoezi, unahitaji modeli ya makundi mengi yanayofunguka kwa bahati.

Zoezi: sumu ya mishale

Utomvu wa miti ya Acokanthera, ambao Wakamba na Waata wa nyika ya Tsavo walipaka kwenye mishale, una kemikali ya uabaini. John Kirk, aliyesafiri na Livingstone mto Zambezi na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alihisi mapigo yake yakibadilika baada ya mswaki wake kuguswa na sumu ya jamaa hiyo, ya mmea wa Strophanthus kombe. Digoksini ya hospitalini hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: inazuia pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili.

Rudi kwenye modeli ya sungura:

1. Iendeshe hadi itulie. Hifadhi hali hiyo.
2. Punguza nguvu ya juu ya pampu ya sodiamu na potasiamu kwa asilimia 30.
3. Endesha dakika kumi za moyo, pigo moja kwa sekunde.
4. Chora kwa mpangilio huu: sodiamu ya ndani, kalsiamu ya seli iliyopumzika, kalsiamu ya ghala, kilele cha pigo.

Sodiamu inapanda kwanza. NCX, inayotegemea sodiamu kuingia ili kalsiamu itoke, inalegea. Kalsiamu inabaki, SERCA inaiweka ghalani, na pigo linakuwa na nguvu zaidi. Bila kugusa kigezo hata kimoja cha kalsiamu, umeibadilisha yote. Kagua mizania tena katika hali mpya: kinachoingia na kinachotoka vimerudi kulingana, ila kalsiamu ndani ya seli iko kwenye kiwango cha juu zaidi.

Ukizuia zaidi, moyo halisi hujaza ghala hadi lianze kumwaga bila kuamriwa, na mapigo huvurugika. Modeli yako inaweza isionyeshe hilo, kwa sababu umwagaji huo huanza kwenye cheche. Usichukue ukimya wa modeli kuwa usalama, na usitumie matokeo haya kuamua kipimo cha dawa cha mtu yeyote. Hiyo ni kazi ya daktari mwenye majibu ya vipimo vya damu ya mgonjwa.

> KABLA YA KUMPELEKEA MTU MATOKEO
> ☐ Jina na mwaka wa modeli, na kila kigezo ulichobadilisha
> ☐ Mnyama, halijoto, kasi ya mapigo, idadi ya mapigo kabla ya kupima
> ☐ Mbinu ya kukokotoa na uvumilivu wa makosa
> ☐ Hali ya kuanzia, kwenye faili, si kwenye kumbukumbu
> ☐ Namba mbegu ya bahati nasibu, kama umeitumia
> ☐ Kalsiamu iliyoingia na iliyotoka katika pigo la mwisho, zote mbili zikiwa zimeandikwa